Gadi Iliyobaki Dukani

Nyinyi mnaopenda utani, nawasimulia nyinyi kwanza. Wengine mnakaribishwa kusikiliza, lakini nyinyi ndio ninaowataka.

Naitwa Norbert Tveit. Kwa miaka thelathini na mmoja niliuza petroli, chambo na vifaa vya boti pale Bergdahl, kaskazini mwa Minnesota. Kama kuna siku ningependa kurudishiwa, ni zile Ijumaa za katikati ya Mei, miaka ya themanini. Barafu imeyeyuka ziwani wiki mbili tu zilizopita. Kesho msimu wa kuvua unafunguliwa. Tangu asubuhi pikapu zimepanga foleni mbele ya duka, kila moja inavuta boti yake juu ya trela, na wenyewe wako ndani wanakunywa kahawa na kula mikate ya mdalasini ya mke wangu Lavonne. Watu ambao majira yote ya baridi hawakusema zaidi ya "baridi leo" na "ndiyo, baridi", siku hiyo walikuwa na maneno mpaka unashangaa walikuwa wameyaweka wapi. Nikikumbuka joto lile na harufu ile ya siagi machozi hunilengalenga, siwafichi.

Kila mwaka, kabla ya saa sita mchana, walifika Wendell na Ardis Krogstad. Wendell alikuwa fundi wa mabomba, pande la mtu, mpole. Ardis, mkewe, alikuwa mpishi wa shule, mdogo wa umbo, na ukimchekesha anaziba mdomo kwa mkono. Boti ilikuwa ya Ardis. Aliachiwa na marehemu baba yake, pamoja na taratibu zote za kuitunza.

Kabla ya safari, Ardis alipiga magoti nyuma ya trela. Injini ya boti ya namna ile imening'inizwa kwenye ubao wa tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, na uzito wake unamzidi mtu mzima. Ukiuinua mguu wa injini ili usiburuzwe barabarani, mzigo wote unaulemea ubao ule. Kila gari linaporuka tuta, injini inatikisa kichwa, na ubao ndio unaoumia. Kwa hiyo Ardis aliweka gadi, yaani nguzo fupi ya chuma, ncha moja kwenye trela na nyingine kwenye mguu wa injini, akaifunga kwa mpira mnene, ili mtikisiko uishie kwenye trela. Akakaza mikanda miwili iliyoibana tezi kwenye trela. Mwisho akaugonga ubao kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama mtu anayechagua tikiti maji.

Gadi hizo nilikuwa naziuza mimi. Zilitundikwa ukutani, nyuma ya kaunta yangu. Hakuna mtu mjini aliyejua kazi yake kuliko mimi, na naomba mlishike hilo.

Sasa, palikuwa na meza ya dirishani, meza yetu sisi wacheshi. Mwaka mmoja, nadhani ni themanini na tano, nilimwona Ardis chini ya trela na Wendell amesimama amemshikia kofia. Ulimi ukaniwasha. Alipoingia tu nikampokea.

"Wendell! Boti yako imezeeka kiasi hicho? Mwaka huu umeipa mkongojo, mwakani utainunulia meno ya bandia!"

Meza ikaangua kicheko. Wilmer Aasen wa posta akadakia, "Na bosi ni nani pale kwenu, bwana? Maana mimi naona fundi yuko chini ya gari na mwenye gari ameshika kofia!"

Wendell alicheka pamoja nasi. Mwaka uliofuata tukarudia, akacheka tena. Mwaka wa tatu alitabasamu tu. Kufikia hapo watu walikuwa wanamwita Bwana Mkongojo hata kanisani, hata akiwa chini ya sinki la mtu anaziba bomba. Jina hilo nilimpa mimi na nilijivunia, maana jina likishika mji mzima mwenye kulibuni anajiona mtu. Kwetu watu hawakasiriki hadharani, wanameza. Sisi tukaona anameza, tukadhani ameshiba.

Ikafika Mei ya themanini na nane. Ardis alikuwa jikoni na Lavonne, anajaziwa kahawa ya safari. Wendell alikuwa nje peke yake kando ya trela. Tukagonga kioo cha dirisha, tukamwonyesha kwa ishara jinsi kikongwe anavyotembea. Alitutazama kwa muda. Kisha akainama, akaifungua gadi, akaingia nayo ndani na kuilaza juu ya kaunta.

"Chukua chuma chako, Norbert. Mgonjwa amepona, sasa anatembea mwenyewe."

Tulipiga makofi, jamani. Wilmer alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Mimi nikaichukua ile gadi, nikaiegemeza mlangoni na kuiinamia. "Pole kwa kazi, mama. Pumzika sasa."

Ardis akatokea jikoni na chupa ya kahawa mkononi. Akaiona gadi. Akamtazama mumewe.

"Wendell, tuna maili tisini."

"Tutafika."

"Ule ubao ni wa zamani. Mwaka jana niliugonga, sauti yake imebadilika. Baba alikuwa anasema..."

"Baba yako hayupo, Ardis. Twende."

Wendell hakuwa mtu wa kumjibu mkewe hivyo, na nadhani hata yeye alishtuka. Ardis akanigeukia mimi, bila hasira yoyote.

"Shemeji, wewe si ndiye unayeziuza? Hebu mwambie kazi yake."

Ingetosha sentensi moja. Ningesema, "Irudishe, Wendell, mkeo anasema kweli," na angeirudisha, kwa sababu ingekuwa imetoka kwenye kinywa kilekile kilichomfanya aitoe. Lakini meza nzima ilikuwa inanitazama, inasubiri kichekesho.

"Shemeji," nikasema, "zile ninawauzia wageni wa miji mikubwa wasiojua boti."

Walicheka mpaka Wilmer akamwaga kahawa. Ardis alifunga vifungo vya koti lake, akamshukuru Lavonne kwa mikate, wakaondoka.

Barabara ya kaskazini mnaijua ilivyo mwezi wa Mei. Baridi imeinua lami, imeiacha matutamatuta. Wendell aliniambia baadaye kwamba kila alipotazama kioo aliiona injini inatikisa kichwa, juu, chini, juu, chini. Mara mbili alitaka kusimama aifunge hata kwa kamba. Akaona aibu. Hata gari lililokuwa nyuma yake hakulijua ni la nani, ila alihisi kama ni letu. Na kwa muda wote huo ule ubao, uliokunywa maji miaka mingi kupitia matundu ya skrubu huku rangi ya nje ikiwa safi kabisa, ulikuwa unapasuka ndani kwa ndani.

Jumamosi asubuhi waliishusha boti kwenye Ziwa Ostrander. Walivua mpaka saa tatu, wakapata samaki wanne. Ardis alikuwa amefurahi, alishamsamehe. Upepo ulipoanza kuinuka wakaamua kurudi, na Wendell akaongeza moto. Ubao ulitoa mlio mmoja tu. Injini iling'oka na kipande cha tezi, ikazama, na maji yakaingia pale palipobaki wazi. Boti ikadidimia upande wa nyuma, wote wawili wakajikuta majini.

Ardis alikuwa amevaa jaketi lake la kujiokolea. Wendell alikuwa amelikalia lake. Maji yalikuwa baridi ya kukata pumzi, na viatu vyake vizito vilimvuta akazama mara moja. Ardis akamdaka kola, akamwegemeza kidevu juu ya omo, ile sehemu ya mbele ya boti iliyokuwa bado inaelea, akamshikilia. Ndugu wawili waliokuwa wanavua ng'ambo waliwafikia baada ya kama dakika ishirini na tano. Wendell alikuwa hai, anapayuka. Vidole vya Ardis ilibidi vibanduliwe kimoja kimoja kwenye kola ya mumewe. Mwili wake mdogo ulishindwa na baridi, akakata roho kabla hawajafika ufukweni. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Lavonne ndiye aliyepokea simu. Alinitazama huku simu ikiwa bado sikioni, na sikuhitaji kuambiwa.

Wiki tatu baada ya mazishi nilikwenda kwa Wendell. Nilimkuta jikoni, sahani za watu wa kanisani zimerundikana, chakula kimekauka ndani yake.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema.

"Ya nini?"

"Unajua ya nini, Wendell."

Alinimiminia kahawa. "Wewe ulitania tu, Norbert. Mimi ndiye niliyeifungua. Mke wangu aliniambia, nikakusikiliza wewe."

Afadhali angenipiga ngumi. Nilikunywa ile kahawa, nikarudi nyumbani. Msimu wa majani kupukutika aliuza nyumba, akahamia kwa dada yake Duluth. Ijumaa za Mei ziliendelea kuja, mikate ikaendelea kuokwa, ila ile meza ya dirishani nikaiondoa na kuweka friji ya chambo.

FUNZO

Kwa wenye boti: injini isisafiri inaning'inia. Iegemeze, funga tezi kwenye trela kwa mikanda, na ugonge ubao wako kila mwaka, hata kama rangi bado inang'aa. Kwa waume: mkeo akikuambia jambo la usalama, usimjibu kwa kuangalia nani anakutazama.

Lakini funzo langu ni kwetu sisi wacheshi, kwa kuwa kila mji unatupenda na hakuna anayetushtaki. Mzembe hatumtanii, tunamwogopa au tunamsifu. Tunayemtania ni yule anayekagua, anayefunga, anayeuliza mara ya pili, na tukimtania vya kutosha ataacha. Ukimwona mtu kama huyo na ulimi ukakuwasha, ufunge. Ukiweza, toka nje ukapige magoti umsaidie. Mimi nilikuwa na nafasi hiyo kila Mei kwa miaka minne. Ardis alikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa, na mimi nilikuwa nakunywa kahawa.