Vidole Vilivyoona Jua

Jumanne, 14 Agosti 2001, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Butembo ilikuwa bado imefunikwa na ukungu mweupe, hata mikaratusi ya kanisani ilikuwa haionekani. Tamar, mwalimu wa kemia, alifungua stoo ya ushirika wa wakulima akakuta chupa ya chumvi ya fedha imeibwa. Alijiona kama bado anaota. Chumvi hiyo, ikipikwa na majani ya mpera, ilitoa chembe za fedha ndogo kuliko vumbi, dawa pekee iliyozuia viazi visioze. Sakafuni palibaki punje chache na tone la mate.

"Ni Jamali," alisema Kasonia, karani wa ushirika. "Yeye njo alilala hapa na camion yake. Nimeshaita basoda, banakuya saa sita."

Tamar aliogopa. Waliochukuliwa na askari hao hawakuwa wakirudi.

"Papa Jamali, unasema nini?" alimwuliza dereva, aliyesimama kando ya lori lake.

"Madame, chupa ni miye niliileta toka Kampala. Ningetaka kuiba, ningeiba mu njia."

"Na weye, Kasonia?"

"Nililala kwangu. Angalia mikono, iko propre!"

Kweli ilikuwa safi, tena ilinukia sabuni. Tamar hakubishana. Aliwaomba wote wawili waanike maharagwe uani. Saa tatu ukungu uliondoka polepole, jua likashuka juu ya mikono yao.

Saa tano na dakika arobaini, dole gumba la Kasonia na kidole cha pili vilikuwa vyeusi kama masizi. Vya Jamali havikubadilika.

"Ile chumvi ikigusa ngozi, jua njo inaifanya nyeusi," Tamar alisema. "Sabuni haiwezi. Uliisugua na mate kuipima, sawa banunuzi ba or, ile zahabu ya Manguredjipa."

Kasonia aliketi juu ya maharagwe, akalia.

"Nilifikiri ni feza ya kuuzisha. Ndugu yangu, basoda bamemufunga mu kambi yabo ya Mavivi. Nilitaka nimutoe... Chupa iko mu gunia ya makala ya kuwasha moto."

Saa sita kamili askari waliingia. "Mwizi ni nani?"

Jamali alisogea mbele ya Kasonia.

"Hapana mwizi, chef. Chupa ilibakia mu camion. Ni miye nilisahau kuishusha."

Komanda alimtukana wee, kisha akaondoka na watu wake.

"Kesho ninapita Mavivi," Jamali alisema. "Andika jina ya ndugu yako, nitamuulizia."

Kasonia alishika kalamu kwa vile vidole vyeusi, akaandika.