Mabega ya Mama Ciku

Kila asubuhi Waiyego hukata nyasi za ng'ombe. Anaishi Kiplombe, karibu na mji wa Eldoret, pamoja na mume wake, Mzee Mungai. Wana shamba dogo na ng'ombe mmoja tu. Na huyo ng'ombe Waiyego anampenda, jamani! Ng'ombe akikohoa, yeye yuko nje tayari kumwangalia.

Nyasi huzibeba mgongoni. Hufunga mzigo kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso. Mama yake alibeba hivyo. Nyanya yake pia. Mkanda umemwachia Waiyego alama kwenye paji, naye hujivunia alama hiyo. "Mimi si wa kubebewa," husema.

Sasa nyumba ina wageni. Binti yake Ciku amejifungua mtoto wa pili, msichana tena, na amekuja kupumzika kwa mama. Kwa desturi ya Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Wa pili hupewa jina la mama ya mama. Kwa hiyo huyu mtoto anaitwa Waiyego. Ni wajina wa nyanya yake kabisa!

Lakini tangu wafike, nyanya hajamshika mtoto hata mara moja. Humpikia Ciku uji. Hufua nguo za mtoto. Humwimbia mtoto kwa mbali. Akiambiwa, "Shika mtoto kidogo," husema, "Mikono yangu ni michafu," ama, "Ng'ombe ananiita."

Jumamosi wamama wa kanisa walikuja kuona mtoto. Walimpokezana huku wakimsifu pua na mashavu. Kisha mama mmoja akasema kwa furaha, "Haya, sasa mpeni wajina wake!"

Waiyego alirudi nyuma. "La, la. Ngojeni kwanza nilete chai."

Wamama wakatazamana. Ciku aliona aibu sana. Wageni walipoondoka, alimfuata mama yake jikoni huku machozi yanamtoka.

"Mum, mtoto wangu amekukosea nini? Ulitaka kijana?"

"Ciku, usiseme hivyo."

"Basi ni nini? Kama humtaki, kesho narudi kwangu mjini, mtaa wa West Indies."

Waiyego alijifuta mikono. Alichukua mukwa na panga, akatoka kwenda kukata nyasi. Woiye! Si kwamba hakumpenda mtoto. Alimpenda hadi akamwogopa.

Alipokuwa anarudi na mzigo, alimkuta jirani yake Nabwire kwenye geti. Nabwire hufanya kazi katika hospitali moja mjini. Huwafundisha mazoezi watu wenye maumivu ya shingo, mgongo na viungo. Alikuwa amekuja kumwona mtoto. Alimtazama Waiyego akipita na mzigo, akamfuata hadi zizini.

"Pole na kazi, Mama Ciku. Hebu niambie, mabega yako yako wapi sasa hivi?"

"Swali gani hilo? Yangekuwa wapi, yameenda sokoni Soy?"

Nabwire alicheka. "Yako karibu na masikio, Mama. Na tangu pale kwenye geti umebana pumzi."

Waiyego akajisikiliza. Ilikuwa kweli! Mzigo alishautua, lakini mabega bado yalikuwa juu. Alikuwa ameuma meno pia. Miaka hii yote hakuwahi kugundua.

"Yateremshe polepole," Nabwire akasema. "Toa pumzi. Sikia miguu yako inavyokanyaga chini. Haya. Mwili unakuambia nini?"

Waiyego alitazama vidole vyake. Kisha akaanza kulia.

"Vidole hivi vimekufa ganzi. Juzi nilibeba thamosi ya chai. Ikaanguka bila mimi kujua imenitoka mkononi! Nabwire, kama angekuwa mtoto?"

"Kumbe ndiyo maana humshiki?"

"Ndiyo."

"Na mbona hukusema?"

"Wakijua mimi ni mgonjwa watauza ng'ombe wangu. Tena nilidhani ni baridi tu ya hapa Eldoret."

"Baridi ya Eldoret inasingiziwa mengi." Nabwire alimshika mkono. "Ganzi hii ilianza ghafla?"

"La, imekuja polepole. Tangu mwaka jana."

"Sawa. Ingekuja ghafla upande mmoja wa mwili, ningekupeleka hospitali saa hii hii. Sikiza, Mama. Mishipa ya fahamu inayofika kwa vidole hutoka shingoni. Mukwa unavuta kichwa, shingo inakaza, na mishipa inaweza kubanwa. Lakini siwezi kukisia hapa zizini. Ganzi si kitu cha kuvumilia. Jumatatu twende upimwe. Na leo hii, mwambie Ciku."

Ciku alipoambiwa, alimkumbatia mama yake. "Na mimi nilikufikiria vibaya, Mum. Nisamehe."

Jumatatu daktari alimpima Waiyego vizuri. Akamwambia kwamba mishipa imebanwa shingoni, lakini ataweza kusaidika. Aache mukwa, na afanye mazoezi na Nabwire.

"Na ng'ombe atakula nini?" Waiyego akauliza. Hata mbele ya daktari, jamani, ni ng'ombe tu!

Jioni nyumbani, Waiyego, Ciku na Nabwire walimtazama Mungai. Mzee akakohoa.

"Mnaniangalia mimi? Mukwa ni wa wanawake. Watu watasema nini?"

"Na wilbaro, Mzee?" Nabwire akauliza kwa upole. "Kusukuma wilbaro ni kazi ya nani?"

"Hiyo ni kazi ya wanaume," Mungai akajibu haraka. Kisha akaona amejinasa mwenyewe. Wote wakacheka, na yeye pia. Kesho yake akaanza kuleta nyasi kwa wilbaro.

Nabwire alimfundisha Waiyego kutambua mwili wake akiwa kazini. Kabla ya kuinua kitu, asimame kwanza. Asikie miguu chini, ateremshe mabega, atoe pumzi. Akunje magoti na ashike kitu karibu na mwili. Akisikia maumivu, apumzike, asijikaze.

Mwanzoni alisahau kila mara. Alijipata akikamua huku ameuma meno, kama mtu anayegombana na ng'ombe! Alicheka, akaanza tena. "Mwili ulikuwa unaniita," alimwambia Nabwire, "na mimi nauambia ungoje nimalize kazi."

Ganzi haikuisha mara moja. Ilipungua, ikarudi, ikapungua tena. Waiyego hakuacha mazoezi.

Asubuhi moja aliketi kwenye kiti cha kuegemea. Akaweka mito chini ya mikono yote miwili, akatoa pumzi.

"Ciku, lete mtoto."

Ciku alimweka mtoto mikononi mwa mama yake, lakini hakumwachilia. "Uko sawa, Mum?"

"Niko sawa. Mwachilie."

Ciku akatoa mikono. Nyanya na mjukuu wakatazamana. Mtoto akapiga mwayo, akajinyoosha, halafu nepi ikalowa chapa!

"Uui, Mum, amekukojolea! Nipe nimbadilishe."

Waiyego alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Mwache! Mwache kwanza, Ciku. Ni joto. Nalisikia kwa vidole!"