Vioo Juu ya Ufa

Kila siku baada ya masomo, Darubini alipita nyumbani, akachukua chakula cha baba yake na kukipeleka ngomeni. Haikuwa safari ya kumtoa mtu jasho. Kutoka nyumba ya mwisho ya mtaa, njia ilinyooka kando ya ufuko, ikakata nyasi fupi, ikapanda kidogo tu, na hapo uliiona ngome ya zamani: kuta nene za mawe, mizinga iliyoelekezwa baharini na chumba cha baruti kilichochimbwa nusu ardhini. Hata vikongwe walifika bila kusimama kuvuta pumzi. Wanafunzi wa shule za mbali, waliposhushwa na basi pale mtaani, walilalamika kwamba wamefika upesi mno, kabla hata wimbo haujaisha.

Jina halisi la msichana huyu lilitumika darasani tu, wakati wa kuita mahudhurio. Kwingine kote aliitwa Darubini, kwa sababu hakuna jambo lililompita. Alijua nani kabadilisha pazia, nani kagombana na nani, na nani kajifanya mgonjwa siku ya mtihani. Sifa hiyo ilimpendeza, na alipohadithia aliyoyaona hakuona vibaya kutia chumvi kidogo.

Baba yake alikuwa mlinzi wa ngome, na mwaka huo hakuwa na raha. Bamba la shaba lililopigiliwa kwenye mzinga mkubwa lilikuwa limeng'olewa usiku, na mwizi hakupatikana. Mkuu wa ofisi ya mambo ya kale alikuja, akayatazama matundu ya misumari, kisha akamtazama baba.

"Kikipotea kitu kingine hapa," alisema, "tutatafuta mlinzi mwingine."

Tangu hapo baba alimshuku kila mtu. Aliwashuku wapiga picha, aliwashuku wazee waliokaa sana kwenye ngazi, na siku moja alimfuata mbuzi nusu ya njia kwa sababu alimwona anatafuna kitu.

"Nikimwaga unga hapa, mwanangu, tutakula nini?" alimwambia Darubini. "Kaa macho. Na usimwamini mtu anayekazana kutazama ukuta wakati bahari iko mbele yake."

Wiki hiyo hiyo akaja mtu wa namna hiyo. Alikuwa mwanamke wa makamo, kofia pana kichwani na begi kubwa begani. Alikuwa na barua kutoka ofisini, iliyosema tu kwamba aruhusiwe kuingia. Baba aliisoma mara mbili, akaigeuza kuangalia nyuma yake, akairudisha kwa ncha za vidole.

"Una nini kwenye begi, mama?" aliuliza.

"Kazi," alijibu yule mwanamke, akafunga zipu.

Jibu hilo lilimkaa baba kooni siku nzima. "Eti kazi!" alinung'unika huku akila. "Hata mwizi ana kazi."

Darubini hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alijificha nyuma ya mzinga akachungulia. Yule mwanamke alitembea polepole, akigonga mawe kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Kisha alitazama kushoto, akatazama kulia, akatoa kipande chembamba cha kioo na kukibandika ukutani kwa plasta nyeupe. Pembeni yake alichora alama ndogo nyeusi. Alifanya hivyo mahali kadhaa, na mwisho kabisa juu ya mlango wa chumba cha baruti. Alipogeuka akamwona Darubini, alishtuka.

"Unatafuta nini hapa?"

"Shikamoo. Nimemletea baba chakula."

"Marahaba. Basi kampelekee."

Kwa nini ashtuke kama hana neno? Darubini alilibeba swali hilo hadi shuleni, akamnong'oneza rafiki yake Kifutio. Mvulana huyu aliitwa hivyo kwa kuwa tangu darasa la kwanza hakuwahi kumiliki kifutio chake mwenyewe.

"Hizo ni alama," Kifutio alisema akikodoa macho. "Anawaonyesha wenzake mawe ya kung'oa."

Darubini hakuwa amefikiria hilo, lakini mara tu alipolisikia aliliamini kana kwamba ameliona kwa macho yake. Yule mwanamke alikuja tena na tena, akavikagua vile vioo kwa karibu, akatikisa kichwa kidogo na kuondoka bila kumuaga mtu hata mmoja. Kwa Darubini, huo ulikuwa ushahidi tosha. Alitaka kumwambia baba, lakini akaona ni heri amwokoe kwanza, kisha ajisifu baadaye.

Darasa lao lilipangiwa kwenda kujifunza historia ngomeni. Jioni ya kuamkia ziara hiyo, baba alipokuwa langoni akibishana na mgeni mmoja, watoto wale wawili waliingia na rula. Vioo vilibanduka bila shida, kimoja baada ya kingine, vyote vizima. Kilichobaki ni kile cha juu ya mlango. Kifutio aliinama, Darubini akampanda.

"Fanya haraka! Mgongo wangu si ngazi."

"Subiri. Hiki kimevunjika."

Kweli kilikuwa kimekatika katikati, mstari mmoja ulionyooka, na Darubini alikuwa bado hajakigusa. Hakulijali sana jambo hilo. Alivibandua vipande vyote viwili, akavifunga pamoja na vingine kwenye kitambaa na kuvitia ndani ya mkoba wake wa shule. Usiku huo alilala usingizi mzito wa mtu aliyetenda jema.

Asubuhi darasa lilifika ngomeni likiwa limepanga mistari miwili, mwalimu wa historia akiwa mbele. Walimkuta yule mwanamke amesimama ukutani, kofia mkononi, uso umemwiva kwa hasira.

"Bwana mlinzi, vioo vyangu viko wapi?"

"Vioo gani? Mimi nalinda ngome, silindi vioo."

"Viliwekwa kwa kazi! Mimi ni fundi wa kuta za kale. Kila kioo nilikibandika juu ya ufa, ncha moja upande huu na ncha nyingine upande ule. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinakatika. Ukitulia, kinabaki kizima. Sasa nitajuaje?"

"Na kwa nini hukuniambia siku zote hizo?"

"Nikwambie wewe?" Fundi alicheka bila furaha. "Niliambiwa shaba iliondoka hapa ukiwa zamu. Nikuonyeshe na vifaa vyangu?"

Baba aliziminya funguo kiunoni. Darubini aliuona mshipa wa shingo yake ukicheza. Mkoba begani ulimwelemea ghafla.

Mwalimu alikohoa. "Samahani, mama fundi. Watoto waingie chumba cha baruti, au wasiingie?"

"Wiki iliyopita ningesema waingie. Leo sijui. Wangoje niweke vioo vipya, tuone."

"Wangoje!" Baba alichomoa funguo kiunoni. Maneno ya fundi yalikuwa yamemchoma, na sasa aliona aibu mbele ya darasa zima la binti yake. "Chumba hiki kilivumilia vita. Kilisimama mizinga ikinguruma. Leo kianguke kwa sababu ya vioo vyako? Mwalimu, wapange watoto wako."

Darubini alitaka kusema, lakini akajizuia. Akisema, fundi angepeleka habari ofisini kwamba aliyeng'oa vitu ngomeni ni mtoto wa mlinzi, na baba angefukuzwa siku hiyo hiyo. Kifutio alimfinya mkono.

"Nyamaza," alinong'ona. "Ukifungua mdomo, mzee wako ameisha."

Ufunguo ulizunguka. Wanafunzi wa mbele walipiga hatua, wakisukumana kugombea nani awe wa kwanza.

"Baba, usifungue!"

Wote waligeuka. Darubini alipiga moyo konde, akasogea mbele na kufungua kitambaa. Vioo viling'aa juani.

"Ni mimi niliyevitoa," alisema. "Nilidhani ni alama za wezi. Hivi vilikuwa vizima. Lakini hiki cha juu ya mlango kilikuwa kimekatika kabla sijakigusa."

Fundi alivichukua vile vipande viwili, akavikutanisha kiganjani. "Una hakika hukukivunja wewe?"

Darubini aliwaona wenzake wakitazamana. Walizijua chumvi zake zote, na kwa mara ya kwanza alizijutia.

"Ni kweli," Kifutio alisema ghafla, macho chini. "Mimi ndiye niliyekuwa ngazi yake. Alisema kimevunjika, kisha ndipo akakibandua."

Fundi aliutazama ufa ulio juu ya mlango, na hasira ikamtoka usoni. "Mwalimu, warudishe watoto nyuma," alisema taratibu. "Bwana mlinzi, funga."

Baba alifunga. Alikosea kwanza tundu la ufunguo, akarudia.

Ziara iliishia kwenye nyasi. Wenzake walimzomea Darubini njia nzima ya kurudi, na safari hiyo, fupi kama ilivyo, ilimchosha kuliko zote. Alipofika nyumbani alilia. Baba hakumgombeza wala hakumbembeleza. Alikwenda kumsaidia fundi kubandika kioo kipya, akamshikia mkebe wa plasta.

Kioo hicho hakikumaliza wiki kabla ya kukatika. Mkuu wa ofisi alikuja na mafundi na magogo ya kuegemeza ukuta. Baba alimweleza yote, hakuficha hata neno moja, kisha akasimama kama mtu anayesubiri kuambiwa akusanye vitu vyake.

"Sehemu ya kosa hilo ni yangu," fundi alidakia. "Nilikuja hapa nimeshamhukumu. Ningemweleza siku ya kwanza, vioo visingeguswa na mtu."

Mkuu aliutazama ufa, kisha akawageukia wote wawili. "Endelea na zamu yako," alimwambia baba mwishowe. "Na kuanzia leo, anayeingia hapa kufanya kazi, umweleze na akueleze."

Mafundi walipoinua gogo la kwanza, jiwe la juu ya mlango lilichomoka. Lilianguka kizingitini kwa kishindo ambacho Darubini, aliyekuwa amesimama mbali na chakula mkononi, alikisikia miguuni. Hakuumia mtu, kwa kuwa hapakuwa na mtu chini yake. Vumbi lilipotulia, lile jiwe lilikuwa pale pale walipokuwa wakisukumana wanafunzi wa mstari wa mbele.

Baba alilikodolea macho, kisha akamwita binti yake. Aliketi naye kwenye nyasi, chakula kikiwa bado kimefunikwa.

"Ulipovibandua vile vioo, ulikuwa na hakika kwamba yule mama ni mwizi?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi pia nilikuwa na hakika. Na yeye alikuwa na hakika kwamba mwizi ni mimi. Watu watatu tuna hakika, na hakuna hata mmoja aliyeuliza." Baba alipangusa uso kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyekufundisha kushuku, na nimekufundisha vibaya. Ukiwa na wasiwasi na mtu, muulize, au niambie nimuulize mimi. Lakini lile la kusema ukweli mbele ya watu, huku unaogopa, hilo sikukufundisha mimi."

"Nilidhani utafukuzwa kazi, baba."

"Ningefukuzwa, ningetafuta kazi nyingine," alisema baba, bado macho yake kwenye lile jiwe. "Wale watoto ningewatafuta wapi?"