Ngozi ya Makokha

Jumapili moja katika miaka ya hamsini, hapa Kaloleni, Voi, jua lilikuwa kali hata kuku wakataga mayai yaliyokwisha chemka. Msibishe, nilikula mawili. Watu walikuwa wametoka kanisani, na Tryphena alikuwa uani akiponda kimanga, mihogo na maharagwe, kando ya moto wa mafiga, huku binti yake mdogo, Wakio, akizunguka-zunguka ili gauni lake jipya lipepee. Upepo ukageuka. Gauni likashika moto.

Majirani walipomzima, mgongo wa mtoto haukuwa na ngozi.

Hospitalini daktari akaeleza kwamba kidonda kikibaki wazi kitaoza. Kifunikwe kwa ngozi ya mtu mwingine, nyembamba kama utando wa kitunguu. Ingeshika wiki chache tu, kisha ibanduke, na mtoto awe amepata nguvu ya kuotesha yake. Tryphena alitoa ya mapaja yote mawili. Haikutosha, na kwa jinsi damu ilivyompungua, daktari akakataa kumrudia.

Akaombwa baba mtu, Zephaniah, mchochea makaa wa gari moshi. Akasema yeye si mbuzi wa Krismasi.

Jirani yao Makokha, Mluhya aliyeunganisha mabehewa pale stesheni, akapandisha suruali. "Nichune mimi, daktari. Sina mke wa kuniuliza imeenda wapi."

Wagonjwa walicheka. Zephaniah hakucheka. "Leo unampa ngozi, kesho akiolewa unakuja kudai ng'ombe. Hapana, rafiki. Mtoto wangu hatavaa ukoo wa mtu."

Daktari akarudia kwamba itabanduka. Tryphena akapiga magoti, mapaja yakivuja ndani ya bandeji. Mume akashikilia kwamba lazima awaulize wazee, akapanda milimani kwao Wundanyi, na bila idhini yake hakuna aliyethubutu kugusa kitu.

Basi sikieni: wazee wenyewe walimshangaa. Wakamuuliza desturi hiyo kaitoa wapi, wakamfukuza arudi upesi akakubali. Lakini njiani palikuwa na mbangara, na pombe hiyo ikishaiva haimwachi mtu apite hivi hivi. Akaketi. Huku nyuma kidonda kikaanza kunuka. Wakio aliomba afukuziwe nzi. Baadaye hakuomba kitu.

Zephaniah alirudi akiwa tayari kukubali. Akakuta kitanda kimeshatandikwa.

Matangani alijitupa chini akilia, akingoja kuinuliwa. Tryphena akampita. Akamshika Makokha mkono, akamwongoza hadi kwenye kiti cha mfiwa mbele ya watu wote.

"Kaa hapa, Baba Wakio," akasema.

Watu wakapanga foleni kumpa Makokha pole.

FUNZO

Enyi wazazi wenzangu, mtoto aliyeungua hana kabila wala ukoo. Ana ngozi au hana. Ukiombwa yako, toa. Ukiogopa kisu, basi ondoka njiani, umpishe asiyeogopa. Na wewe unayepiga hesabu ya ng'ombe juu ya kitanda cha mgonjwa, jua kwamba kaburi halijawahi kuposwa.