Usiandike Ilikotoka

Jioni ile nilikuwa naingiza mabeseni dukani. Ni kazi ya kila siku: mabeseni kwanza, halafu sabuni, halafu madumu ya mafuta, mwisho natia komeo. Mvua ilikuwa haijanyesha mjini kwetu Mubi kwa siku tano, na vumbi la pikipiki lilitujaa puani. Binti yangu Kétsia, wa miaka minne, alikaa juu ya gunia la chumvi akiimba peke yake. Watoto wawili niliwazika Butembo kabla sijahamia huku. Kétsia ndiye niliyebaki naye.

Nieleze kwanza kazi yangu ya pili, maana ndiyo iliyoniponza. Mwaka ule wa 2007 vita vilikuwa vimeikata barabara vipande vipande. Gari halikutoka Mubi likafika Masisi. Koli, yaani vifurushi, zilisafiri kwa mikono ya watu: pikipiki mpaka Mpofi, miguu mpaka pale risasi zinapoanza, halafu mzigo unaachwa kanisani au kando ya njia, na atakayeuokota anausogeza mbele. Kwa hiyo kila koli ilihitaji etiketi ya kumwambia mwokotaji asiyekujua kwamba hii inakwenda mahali fulani, kwa mtu fulani. Mimi nilizikata kutoka maboksi ya biskuti, nikaandika kwa markeri, nikazifunika kwa plastiki na kuzifunga kwa mpira wa tairi. Watu walisema mwandiko wa Mama Kanyere unasomeka hata ukiwa unakimbia. Nami nilivimba kichwa, sitaficha.

Nilianza kusikia harufu.

Maziwa yaliyochacha... na udongo wa msituni.

Nikageuka. Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, kitenge chake kinachuruzika maji.

Siku tano bila mvua.

"Mama, uniandikiye etiketi," alinong'ona.

"Iko inaenda wapi?"

"Burungu. Kwa Mukagasana, bibi ya mutoto wangu."

Alinipa kengele ndogo, ya kufungwa shingoni mwa ndama. Mdomo wa kengele ulikuwa umezibwa kwa kitambaa kilichochanwa kwenye gauni la mtoto, chenye maua ya manjano. Ilikuwa baridi kupita chuma cha kawaida. Nikamuuliza mtoto mwenyewe yuko wapi. Aliitazama tu kengele mkononi mwangu.

"Kitambaa, bibi njo atakitoa," alisema baadaye. "Mutu mwingine, hapana. Na uandike kwenye inaenda tu. Kwenye imetoka, usiandike."

"Na kama bibi hayuko? Itarudi wapi?"

"Haifai irudi. Ikikosa njia ya kurudi, itamungoja."

Niliinama nikaandika: BURUNGU, KWA MUKAGASANA. Nilipoinua macho, mlango ulikuwa mtupu. Barabara nayo ilikuwa tupu, juu na chini. Pale aliposimama palibaki dimbwi la maji meusi, na jani moja la mti usioota Mubi mjini.

Ningeacha hapo, leo ningekuwa salama. Lakini mimi najifanya mjuaji. Tangu nianze biashara sikuwahi kutuma koli bila kuandika inakotoka, na niliona aibu kwamba mwokotaji atasema Mama Kanyere siku hizi anasahau kazi yake. Nikageuza etiketi, nikaandika nyuma kwa herufi kubwa: IKIKOSA MWENYEWE, IRUDI MUBI, DUKA YA MAMA KANYERE.

Asubuhi nikampa Lévi, Muhunde wa Masisi, ambaye pikipiki yake hubeba mizigo yangu mpaka Mpofi.

Wiki ya nne kengele ilirudi.

Lévi aliiweka juu ya meza ya duka, akajifuta vidole kwenye suruali. Watu walioipitisha walikuwa wameandika kwenye etiketi yangu, kila mmoja kwa mkono wake. "Burungu batu wote balikimbia. Mukagasana hayuko. Irudi." Chini yake: "Masisi. Tulilala nayo siku moja tu. Irudi mbio." Chini zaidi, kwa mwandiko unaotetemeka: "Mpofi. Inagonga yenyewe na kitambaa iko ndani. Batoto banakataa kuingia mu nyumba. Irudi. Irudi."

Nilikuwa bado nasoma niliposikia...

Ting.

Kétsia alikuwa ameshika kengele kwa mkono mmoja. Kitambaa cha maua kilikuwa katika mkono wa pili.

Nilimnyang'anya. Nilimchapa hata, Mungu anisamehe. Hakulia. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akiwa anasikiliza kitu kilichokuwa karibu sana na sikio lake.

Siku ya pili akashikwa na homa, lakini homa ya ajabu, ngozi baridi na jasho lenye harufu ya udongo. Nilimnyunyizia maji ya baraka, nikamvika rozari yangu. Mchana mvua ikipiga bati, akanivuta kitenge.

"Mama... mutoto moja iko analala ku nafasi yangu."

"Mutoto gani, Kétsia?"

"Ametoka mbali. Anasema nimupishe."

Jioni yake akaanza kusema neno moja. *Amata. Amata.* Sisi ni Wanande, Kinyarwanda hakizungumzwi nyumbani kwangu. Lévi, mtu wa Masisi wanakokizungumza, ndiye aliyenifasiria. Alisimama kwenye kizingiti na hakutaka kuvuka.

"Anaomba maziwa, Mama Kanyere."

Tangu azaliwe Kétsia akinywa maziwa anatapika.

"Na anauliza bibi yake iko wapi," akaongeza Lévi kwa sauti ya chini. "Mama... huyu njo mutoto wako?"

Nilimfukuza. Kisha nikamkimbilia barabarani, nikamshika mkono, nikamwomba kwa machozi anitafutie Mukagasana popote alipo. Kila siku iliyopita, Kétsia aliniita mara chache zaidi na yule mwingine aliomba maziwa mara nyingi zaidi. Nilihesabu. Siku ya nne aliniita mara moja tu.

Siku ya tano Lévi alirudi alfajiri. Wafanyabiashara wa Masisi walimjua bibi huyo. Alikuwa katika kambi ya wakimbizi karibu na Kitchanga, safu ya nyuma ya mahema.

Sikungoja hata chai. Nikakata etiketi mpya, nikaandika upande mmoja: KITCHANGA, KAMBINI, KWA MUKAGASANA WA BURUNGU. Nyuma nikaacha peupe. Safari hii nilitii. Nilijivunia hata, kwamba nimejifunza.

Halafu nikakaa kitandani kando ya mtoto nikaziba kengele.

Nilipokisukuma kitambaa ndani, Kétsia alifumbua macho. Mdomo wake ukafunguka wote, kama wa mtu anayepiga kelele... na hakuna sauti iliyotoka. Nikadhani ni homa. Nikakikaza kitambaa kwa kidole gumba mpaka kikashika, nikampa Lévi, na pikipiki ikaondoka.

Hazijapita saa mbili, homa ikaisha. Nilipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya udongo. Mtoto wangu aliamka, akatembea, akala. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakaja.

Akanywa kikombe kizima cha maziwa. Nikajiambia ugonjwa hubadilisha mdomo wa mtu.

Hakuimba tena. Jioni aliketi mlangoni, uso kwenye barabara ya Mpofi, miguu yake ikiwa na unyevu hata baada ya kumwosha na kumfuta. Nilijiambia mengi wiki hizo.

Mwezi mmoja baadaye Lévi alikuja mchana, akanivuta nyuma ya duka, kwenye madumu.

"Nilienda Masisi," alinong'ona. "Batu bote banazungumuza juu ya kengele. Ilifika kambini. Bibi alitoa kitambaa, akaita mujukuu wake."

"Na halafu?"

"Kengele ilimujibu. Lakini bibi hakusikia ile luga. Balienda kuita Mama moja wa Butembo, Consolée, anauzisha mukate kule kambini. Akasikiliza..."

Lévi alitazama chini.

"Iko inalia kwa Kinande, Mama Kanyere. Mutoto mudogo. Anasema kuko baridi, mama yake aje amutoe."

"Iko wapi sasa?" niliuliza.

"Bibi aliogopa," akaendelea. "Akaiziba, akairudisha ku barabara, ifike kwao. Lakini balipogeuza etiketi... kwenye imetoka, hakuna kitu. Sasa kila mutu anaiokota, anaisogeza tu. Moja anaipeleka huku, mwingine kule. Hakuna mwenye anajua kwenye iko leo."

Lévi alipoondoka nilikaa na maboksi ya biskuti. Nikakata etiketi moja, ya pili, ya kumi. Nilitaka kila koli itakayotoka Mubi ibebe maneno yale yale, ifike kila kanisa na kila kizuizi: ATAKAYEPATA KENGELE YA NDAMA YENYE KITAMBAA CHA MAUA, IRUDI MUBI, DUKA YA...

Harufu ya maziwa yaliyochacha.

Mkono mdogo, baridi, wenye maji, ulinishika kifundo cha mkono. Alikuwa amesimama nyuma yangu katika gauni la Kétsia, na macho ya Kétsia yalikuwa yamejaa machozi. Alikuwa anaogopa kurudi ndani ya kengele. Mtoto mdogo tu, aliyechoka na njia.

"Mama," alinong'ona. "Usiandike."

Nilimtazama muda mrefu. Nje mvua ilikuwa inaanza, na mahali fulani kwenye barabara ya Masisi ilikuwa inanyesha pia.

Niliweka markeri chini. Nikaenda kumchemshia maziwa.