Doa Lisilosuguliwa

Asubuhi ua wa dobi hujaa mashuka. Upepo ukipita yanavimba, na Kijiko hutembea katikati yake kama yuko mawinguni. Ana miaka minne. Alizaliwa mdogo mno, hata shangazi yake akasema angeenea kwenye kijiko. Jina likamganda.

Lakini Kijiko akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia na vishimo vidogo. Maji baridi humuuma.

Mama yake, aliyefanya kazi ya udobi kwa miaka kumi na miwili, hakuwahi kushindwa na doa. Basi kila asubuhi alimpakata, akachukua magadi na brashi ya kusugulia kola za mashati, akamsugua meno.

"Mama, inauma!"

"Vumilia, mwanangu. Litatoka tu."

Siku moja povu lilitoka na damu. Mama akaliangalia, akaweka brashi chini. Alijiona katili.

Wakati huohuo jirani yao, muuguzi wa meno, alikuja kuchukua makoti yake meupe.

"Hodi! Mbona mtoto analia?"

"Namtoa uchafu, dada. Wenzake wanamcheka."

Muuguzi akachuchumaa. "Hebu nione, bibi mdogo. Fungua duka." Kijiko akafungua mdomo kidogo.

"Huu si uchafu. Alizaliwa na kilo ngapi?"

"Moja na nusu."

"Ndiyo maana. Meno huanza kujengeka mtoto akiwa bado tumboni. Akizaliwa na uzito mdogo, gamba gumu la nje la jino huweza kuwa jembamba. Jino hupata madoa, huuma, huoza upesi."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Hata kidogo! Ila ukilisugua hivyo, utalimaliza. Wewe hariri nyembamba unaifuaje?"

Mama akacheka kwa aibu. "Kwa ncha za vidole."

"Haya. Brashi laini, asubuhi na kabla ya kulala. Dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere, kisha ateme. Punguza vitu vitamu. Kesho mlete kliniki tumpake dawa ya kukinga meno, na vishimo tuvizibe."

Wakaenda. Miezi ikapita, maumivu yakaisha.

Asubuhi moja Kijiko alimshikia mama vibanio vya nguo, mikono yote miwili imejaa. Upepo ukavuma, shuka likamfunika mama gubigubi. Kijiko akaangua kicheko. Hakuwa na mkono wa kuziba mdomo, wala hakuutafuta. Madoa mengine yalikuwepo bado.

Mama alisimama ndani ya shuka jeupe, akisikiliza. Hakuwa na haraka ya kutoka.