Aliyeendesha Ni Shemeji Yangu, Jina Nikachukua Mimi

Wasomaji wenzangu, nina miaka sabini na mbili. Ni fundi magari mstaafu, naishi peke yangu Kawajense, hapa Mpanda. Nilisoma hadi kidato cha nne, kwa hiyo siwezi kusingizia ujinga. Niliyoyafanya, niliyafanya nikijua.

Kwa zaidi ya miaka arobaini mji huu umeniita Mzee Rali. Nikipita Kashaulili, wauza vitenge na mafundi simu wananisalimia kwa jina hilo. Walimu walinialika niwasimulie wanafunzi jinsi nilivyoshinda mashindano ya magari kutoka Tabora hadi Mpanda. Nilisimulia kona kwa kona, dimbwi kwa dimbwi...

Uongo mtupu! Sikuendesha hata kilomita moja.

Nikiwa kijana nilifanya kazi Tabora, kwenye gereji ya mfanyabiashara aliyependa mashindano kuliko chakula. Alikuwa na gari dogo jekundu la milango miwili kutoka Ulaya. Kiwanda kilikuwa kimetengeneza mia mbili tu, kwa sababu bila kufikisha idadi hiyo lisingeruhusiwa kushindana. Ndani lilikuwa na kibati kilichoandikwa kuwa ni la mia moja kumi na saba. Bosi alikifuta kibati kile kila asubuhi kwa leso yake mwenyewe!

Nilimdanganya bosi kwamba naweza kuliendesha kwenye mashindano. Siku zilipokaribia nikashikwa na hofu. Nikamfuata Lazaro, kaka wa mchumba wangu Melania. Familia yao ilikimbia vita Burundi, ikapokelewa kwenye makazi ya wakimbizi Katumba, jirani na Mpanda. Lazaro aliendesha malori ya makazi, na hadi leo sijaona mikono kama ile kwenye usukani.

Lakini mkimbizi hakuruhusiwa kutoka Katumba bila kibali, na nani angempa kibali cha kwenda kushindana magari? Basi fomu ya dereva nikajaza jina langu. Yeye tukamwandika kwa jina la kijana mwingine wa gereji, eti ndiye msoma ramani. Bosi alijua, akanyamaza. Alitaka ushindi.

Lazaro aliendesha. Mimi nilisoma ramani, na kila kituo cha kugonga muhuri nilishuka nikasaini. Tulikuwa na kofia ngumu na vumbi hadi kwenye kope... nani angetutofautisha? Kabla ya Inyonga nilikuwa nimetapika mara mbili. Lazaro alicheka, akasema, "Shemeji, tapika nje, gari la watu hili!"

Tulishinda. Kombe nikapokea mimi. Picha nikapigwa mimi, nimekaa juu ya boneti. Lazaro alikuwa amelala nyuma ya lori la vipuri, amefunikwa turubai, ili arudi Katumba asikamatwe.

Nilimwahidi kwamba siku akipata karatasi zake nitasema ukweli. Nilimuoa dada yake. Bosi akafa, gari likapotea. Miaka ikapita, Lazaro akapata uraia. Alinionyesha cheti chake huku machozi yanamtoka. Mimi nikampongeza... na kuhusu gari nikanyamaza.

Miaka mitatu iliyopita alikuja dada mmoja kutoka Dar es Salaam. Alisema gari letu limepatikana kwenye stoo huko Tabora. Tajiri mmoja wa nje, ndiye aliyemtuma, amelinunua na kulifufua, kwa sababu kati ya yale mia mbili yamebaki machache sana. Tajiri alitaka jina la dereva aliyeshinda lichongwe kwenye kibati kipya, karibu na kile cha zamani. Gari lingeletwa Mpanda kupigwa picha.

Lazaro alisikia. Alikuja kwangu kwa bodaboda, anatembelea fimbo, figo zimeshamchosha. Hakuomba hata shilingi. Aliniuliza jambo moja tu: "Shemeji, sasa mimi ni raia. Utasema?"

Nikamjibu, "Nitasema."

Sikusema! Nilimpa yule dada picha na fomu zenye saini yangu. Na Lazaro nikamwambia gari linakuja Ijumaa, wakati lilikuwa linakuja Alhamisi.

Mke wangu aligundua. Nilikuwa navaa koti Alhamisi asubuhi, akasimama mlangoni.

"Baba Skola, unaenda kuwaambia uliendesha? Wewe uliyesoma ramani umefumba macho?"

Nikampita, nikatoka. Kumbe alishampigia kaka yake simu.

Uwanja wa shule ulijaa watu. Gari lilishushwa kutoka kwenye lori, linang'aa kuliko siku ile. Yule dada akaniomba niendeshe hatua chache tu, wapige picha. Nikasingizia macho. Watu wakapiga kelele, "Mzee Rali! Mzee Rali! Usituangushe babu!" Nikaingia.

Wakati nawasha nikamwona Lazaro kwenye kioo. Amefika. Alikuwa amesimama nyuma ya gari, ameinama, anafuta vumbi kwa kiganja kwenye mkia wa gari kama mtu anayempapasa mtoto. Nikaingiwa na kiwewe. Nilitaka niondoke kabla hajafungua mdomo.

Nikasukuma gia juu kushoto, ilipo ya kwanza kwenye magari yote niliyowahi kutengeneza. Nikakanyaga mafuta.

Gari likaruka kinyumenyume.

Ndugu zangu, kwenye gari lile juu kushoto ni rivasi. Ya kwanza iko chini yake. Walilijenga hivyo kwa ajili ya mashindano, ili dereva abadilishe ya pili na ya tatu kwa mstari mmoja. Aliyeliendesha siku moja hasahau.

Nilishuka nikapiga magoti pale lilipomwangusha Lazaro. Nyonga yake ilikuwa imevunjika. Lazaro akaniangalia, akasema taratibu, na kila mtu akasikia: "Shemeji... ya kwanza iko chini."

Wiki tatu baadaye alifia hospitalini.

Nilisema ukweli makaburini, Katumba, mbele ya watoto wake. Nani alifurahi? Mwanaye mkubwa alinijibu, "Baba alikuwa na masikio hadi juzi, mzee. Ungemwambia yeye." Melania hakurudi nami. Alibaki hukohuko kwa wifi yake, na mimi sina mdomo wa kumwita.

Nilimwandikia yule dada wa Dar es Salaam nikakiri kila kitu. Alinijibu kwa heshima. Mwenye gari ameona fomu zinasema hili na mimi nasema lile, na shahidi amekufa. Amechonga kibati hivi: Dereva hajulikani.

Hajulikani! Saini zangu mwenyewe ndizo zilizomfuta Lazaro.

Wewe unayesoma, kama umevaa sifa ya mtu mwingine, ya kazi, ya kitabu, ya ushindi, ya chochote... usisubiri siku nzuri ya kuirudisha. Inuka leo, nenda nyumbani kwake, useme mbele ya wanawe, naye akiwa amekaa kwenye kiti anasikia. Aibu utakayoipata itapita. Hii yangu haipiti.